MAISHA YA JENERALI MUSUGURI, ASKARI ALIYEANZIA CHINI KABISA



Katika toleo hili nimeona vema tuziweke kando kidogo habari za bei, magunia na makonyo, tuzungumze habari za mtu. Sababu yake ni hii. Tulipokwenda ng'ambo, Muheza, kuonana na wenzetu wanaopanda karafuu katika milima ya Amani, mazungumzo ya jioni yaliingia katika vita na vifaru. Pwani ile haikosi wazee waliopata kuvaa magwanda. Kijana mmoja akauliza: "Afisa wa vifaru akistaafu, ana nini cha kutuambia sisi wenye miti?" Wazee walicheka, lakini swali si la kuchekwa. Nimeona nilijibu kwa maandishi, ili wanachama wote wapate kusoma, walio visiwani na walio bara.

Ningeweza kueleza habari za vifaru peke yake, lakini chuma hakina maisha. Kwa hiyo nimemchagua mtu ambaye vifaru vyetu vilikwenda vitani chini ya amri yake: Marehemu Jenerali David Musuguri, ambaye wengine huliandika jina lake Msuguri. Yeye mwenyewe hakuwa dereva wa kifaru wala mpiga mzinga. Alikuwa askari wa miguu tangu ujana wake. Lakini mwaka 1979 vifaru, mizinga, malori na maelfu ya watu waendao kwa miguu viliwekwa mkononi mwake, akaviongoza hata vikafika mahali ambapo jeshi la Tanzania halikupata kufika kabla ya hapo.

PWANI YETU NA VITA

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba Muheza si mgeni wa mambo haya. Reli ya kutoka Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ilifika Muheza mwaka 1896, kisha ikapanda polepole hata Moshi. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walipoleta askari wao wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi na kuwashusha Tanga, ni reli hiyo hiyo iliyowaleta askari wa Kijerumani kutoka Moshi, wakipitia Korogwe na Muheza. Watetezi walikuwa kama 1,000 tu, nao wakawashinda wale wengi, wakawarudisha baharini. Waingereza walirudi na kuuchukua mji wa Tanga mwezi Julai 1916.

Mwaka huo huo, mwezi Septemba 1916, kule Ufaransa, Waingereza walileta vitani kwa mara ya kwanza kitu kipya: gari la chuma litambaalo juu ya minyororo, lenye mizinga ubavuni. Ndicho hiki tukiitacho kifaru. Askari wa kwanza kukiona waliingiwa na hofu, ijapokuwa vingi vilikwama topeni au viliharibika njiani. Somo hilo la tope tutalikuta tena mbele.

ASKARI WA KEYA

David Musuguri alizaliwa tarehe 4 Januari 1920 Butiama, katika nchi ya Wazanaki, karibu na Ziwa Viktoria. Ni kijiji kile kile alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere miaka miwili baadaye. Watoto wawili wa kijiji kimoja, mmoja akaenda shule na mwingine akaenda jeshini. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba siku moja mmoja atatoa amri na mwingine ataitimiza.

Mwaka 1942, Vita Kuu ya pili ikiwa imepamba moto, Musuguri alijiandikisha katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Akapelekwa Madagaska.

Hapa wakulima wa karafuu wataniruhusu nisimame kidogo, maana Madagaska si nchi ngeni kwetu. Karafuu yetu na karafuu yao ni ndugu wa tumbo moja. Miche iliyoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa ilitoka katika visiwa vya Wafaransa vya bahari hii ya Hindi, na ile ya Madagaska ilitoka huko huko. Hata leo tunaposikia bei imeshuka sokoni twauliza kwanza: Madagaska wamevuna kiasi gani?

Basi mwaka 1942 Waingereza walihofu kwamba Wajapani wangeshika bandari za kisiwa kile, kwa kuwa watawala wa Kifaransa waliokuwako walikuwa upande wa serikali ya Vichy, iliyosikilizana na Wajerumani. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walishuka Diego Suarez, kaskazini kabisa mwa kisiwa, na pamoja nao walileta vifaru 12. Bandari ikatekwa, lakini vifaru kadhaa vilipigwa na mizinga ya Wafaransa iliyokuwa imefichwa vizuri. Mwezi wa Septemba vita vikaendelea kusini, na sehemu kubwa ya kazi ya kutembea, kuondoa magogo yaliyokatwa njiani na kuvuka mito iliyovunjwa madaraja, iliangukia Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Keya vya Nyasaland, Kenya na Tanganyika. Antananarivo, uliokuwa ukiitwa Tananarive, ulichukuliwa mwezi huo wa Septemba, na Wafaransa wakaweka silaha chini mwezi Novemba.

Wazee wetu waliorudi kutoka vita hivyo na vya Burma walileta maneno yao. Ombasha, shaushi, na lile la afande ambalo asili yake ni effendi, neno la Kituruki lililopitia Misri na Sudan. Ni maneno ya jeshi yaliyoingia katika Kiswahili chetu, hata leo kijana asiyejua Keya ni nini humwita polisi "afande" bila kufikiri.

MWALIMU NA MWANAFUNZI

Baada ya vita Musuguri hakuvua magwanda. Alipanda hata akawa sajini, na mwaka 1947 akafanywa mwalimu wa askari Kahawa, karibu na Nairobi. Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake alikuwamo askari mmoja mrefu, mwenye nguvu, kutoka Uganda. Jina lake Idi Amin.

Katika Keya ya zamani Mwafrika hakuweza kuwa afisa. Aliyefanya vizuri sana alifika usajini meja na kusimama hapo, hata kama kijana wa Kizungu aliyekuja jana alikuwa hajui kufunga mikanda yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaanzisha cheo cha effendi, kilichokuwa kati ya sajini na afisa. Musuguri alikuwa miongoni mwa waliopewa, na Amin naye akakipata katika jeshi la Uganda. Watu wawili hao walifundishwa amri zile zile, bunduki ile ile, gwaride lile lile. Lakini mmoja alijifunza kwamba cheo ni kazi, na mwingine akajifunza kwamba cheo ni mali yake. Hapo ndipo njia zao zilipoachana, na baada ya miaka thelathini zikakutana tena kwa ubaya.

Uhuru wa Tanganyika ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na Waafrika wakaanza kupewa vyeo vya kweli vya uafisa. Lakini mabadiliko hayakwenda kwa kasi waliyoitaka askari. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai mishahara zaidi na maafisa wa Kizungu waondoke. Kesho yake maasi yakafika Tabora. Serikali ililazimika kuomba msaada wa askari wa Kiingereza, ambao walishuka tarehe 25 Januari na kuuzima uasi. Kwa nchi changa lilikuwa jambo la aibu na la kutisha, tena lilitokea siku chache baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari.

Jeshi lile la zamani likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964, baada ya Muungano, likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Mrisho Sarakikya, aliyefundishwa Sandhurst, akawa mkuu wake wa kwanza. Musuguri alikuwa katika kundi la maafisa wachache wenye umri na uzoefu waliobaki kulijenga jeshi jipya, ambalo vijana wake wengi walipitia Jeshi la Kujenga Taifa. Silaha na walimu vikaanza kutoka China. Pamoja nazo vikaja vifaru.

KIFARU NI KITU GANI?

Kijana wa Muheza alitaka kujua kazi ya mtu wa vifaru, basi nieleze kwa maneno ya kawaida.

Kifaru kikubwa cha Kichina kilichotumiwa na jeshi letu, kiitwacho Taipu 59, kina uzito wa tani 36 hivi, na mzinga wa milimita 100. Ndani yake hukaa watu wanne: dereva, mpiga mzinga, mpakia risasi na kamanda. Dereva huketi chini mbele, peke yake. Watatu waliobaki hujibana ndani ya kibanda cha chuma kizungukacho, na kila risasi ya mzinga wanayoipakia ni mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Jua likiwaka, chuma huwa kama tanuri. Kifuniko kikifungwa, mtu huona nje kupitia vioo vidogo tu, tena hasikii kitu ila ngurumo ya mashine na sauti ya mwenzake masikioni.

Kwa hiyo mtu wa kifaru hawezi kufanya kazi peke yake. Kamanda akikosea njia, wanne hutumbukia. Mpakiaji akichelewa, wanne hufa. Na kifaru chenyewe hakiwezi kwenda peke yake. Hakioni kilicho karibu na ubavu wake, hivyo huhitaji askari wa miguu wakilinde. Hunywa mafuta mengi, hivyo huhitaji malori. Mara nyingi hakiwezi kuvuka mto mkubwa bila daraja la kukibeba. Na kikiingia kinamasi, ukubwa wake wote huwa ni hasara.

Wenye mashamba hawatashangaa kusikia haya. Karafuu ni hivyo hivyo. Yupo apandaye mti, yupo aokotaye chini, wapo wachambuao usiku kwa taa, yupo ashindaye sakafuni akitazama mawingu asije akanyeshewa. Hesabu ya pishi humtaja mchumaji, lakini mmoja wa hao akilala, mavuno ya wote huwa mpeta.

KAGERA

Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971. Uhusiano wake na Mwalimu Nyerere ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, maana Tanzania ilimpokea Milton Obote aliyepinduliwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka mpaka wakaingia katika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo lile sasa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, mabati yakaezuliwa katika nyumba za watu. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,500 walipoteza maisha.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa, akasema kwamba Amin atapigwa, na kwamba sababu, uwezo na nia vyote viko. Waliokuwa watu wazima mwaka ule wanaikumbuka sauti ile katika redio. Malori na mabasi yakachukuliwa kwa kazi ya vita. Mgambo wakaitwa kutoka mikoa yote. Jeshi ambalo halikufika watu 40,000 likavimba hata kupita 100,000. Wengi wao walikuwa wakulima, watu ambao mwezi uliotangulia walikuwa na jembe mkononi.

Mwezi huo huo wa Novemba wahandisi wa jeshi walitandika daraja la chuma la muda juu ya Kagera, na askari wetu wakavuka. Waganda wakarudi nyuma. Mwezi Januari 1979 ukatekwa mji wa Mutukula, mpakani, na hapo ndipo Musuguri alipopata jina ambalo askari walimwita, Jenerali Mutukula. Alikuwa amekwisha pita miaka 59 ya umri. Katika siku zile alipandishwa kuwa Meja Jenerali, akakabidhiwa Divisheni ya 20, ambayo ndiyo ilibeba uzito wa vita vyote hata mwisho.

Sitaficha jambo moja, kwa kuwa habari ya kweli haina haja ya kupakwa rangi. Mutukula ulibomolewa. Askari walikuwa wameyaona mambo ya Kagera, wakalipiza, na raia wakaumia. Mwalimu alipopata habari alikasirika, akatoa amri kwamba kuanzia hapo raia na mali zao waheshimiwe. Mwalimu alijua kwamba jeshi likifanana na adui wake, sababu ya kupigana imekwisha potea. Kiongozi wa askari hubeba pia yale waliyoyafanya watu wake, wala hawezi kuyachagua mazuri tu.

USIKU WA LUKAYA

Baada ya Masaka na Mbarara kutekwa mwishoni mwa Februari, njia ya Kampala ilibaki mbele. Lakini karibu na mji mdogo wa Lukaya njia hiyo hupita katikati ya kinamasi kikubwa cha mafunjo. Kulia maji, kushoto maji, katikati barabara moja. Mahali kama hapo kifaru hakiwezi kugeuka upande. Huenda mbele au hurudi nyuma.

Wakati huo Kanali Gaddafi wa Libya alikuwa ameleta askari kumsaidia Amin. Tarehe 10 Machi 1979 Walibya wapatao 1,000, pamoja na Waganda, walishuka kwa barabara ile wakiwa na vifaru 15 aina ya T-55, magari mengine ya chuma, na mitambo ya kufyatua makombora. Nia yao ilikuwa kuirudisha Masaka. Mbele yao ilikuwako Brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiozoea vita. Makombora mengi yalipita juu ya vichwa vyao bila kumpata mtu, lakini mvumo wake ulitosha. Brigedi ikatawanyika ndani ya kinamasi.

Tazameni ajabu ya mambo. T-55 ya Walibya na Taipu 59 yetu ni watoto wa baba mmoja, maana Wachina waliiga kifaru cha Warusi cha T-54, na T-55 ni mdogo wake. Kwa hiyo hapakuwa na upande wenye chuma cha ajabu kuliko mwingine. Yaliyobaki ni akili na moyo.

Walibya walikuwa na nafasi ya kusonga hadi Masaka usiku ule. Hawakusonga. Walisimama Lukaya. Upande wetu, Brigedi ya 208 iliamriwa izunguke upande wa kaskazini magharibi, mwendo wa kilomita 60 usiku, ili itokee ubavuni mwa adui. Na ile ya 201, iliyokuwa imekimbia jioni, ikakusanywa tena gizani na kupangwa upya. Alfajiri ya tarehe 11 Machi zote mbili zikashambulia kwa pamoja, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, na mizinga yetu ikapiga kwa shabaha nzuri. Walibya na Waganda wakavunjika. Zaidi ya watu 400 wa upande wao walikufa, nusu yao Walibya.

Wengi wakitaja Lukaya hutaja ushindi wa asubuhi. Mimi hunistaajabisha zaidi usiku. Mgambo aliyetupa moyo wake saa kumi na mbili jioni, akaokotwa matopeni, akaambiwa jina lake na kikosi chake, akapewa risasi, akarudi mahali pale pale saa kumi na moja alfajiri. Jambo kama hilo halifanywi na chuma. Hufanywa na sajini anayewajua watu wake. Na mkuu wa divisheni ile alikuwa sajini kabla hajawa kitu kingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Ndege ya Libya ilitumwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, makombora yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Tarehe 7 Aprili Entebbe ikatekwa, na tarehe 10 na 11 Aprili Kampala. Barabara ya mashariki, ya kuelekea Jinja, iliachwa wazi kwa makusudi ili Walibya wapate kuondoka, kwa kuwa Mwalimu hakutaka kuwaaibisha kupita kiasi. Vita vikaisha tarehe 3 Juni 1979, askari wetu walipofika mpaka wa Sudan. Mwanafunzi wa Kahawa alikuwa amekwisha kimbia nchi yake, naye akafia Saudi Arabia mwaka 2003.

GHARAMA

Waandishi wawili waliofuatana na jeshi letu, Tony Avirgan na Martha Honey, waliandika kwamba askari wa Tanzania waliokufa walikuwa 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano yenyewe. Wengine walichukuliwa na ajali na mambo mengine ya safari ya vita. Makaburi ya mashujaa yako Kaboya, mkoani Kagera, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka.

Gharama ya fedha inakadiriwa kuwa dola milioni 500. Nani aliilipa? Sote tuliilipa. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, khanga moja kugawanywa kwa watu wawili, baiskeli kukaa bila mpira. Mkulima aliyeuza zao lake akakuta hakuna kitu dukani cha kununua. Si vizuri kuyasahau hayo, kwa sababu mtu asiyejua bei ya amani huiuza rahisi.

MKUU WA MAJESHI, KISHA MZEE WA KIJIJI

Mwezi Novemba 1980 Mwalimu alimteua Musuguri kuwa Mkuu wa Majeshi, mahali pa Jenerali Abdallah Twalipo. Mtu aliyeingia jeshini akiwa askari wa kawaida, katika jeshi la wageni ambalo halikumruhusu kuwa afisa, sasa akawa mkubwa wa askari wote wa nchi yake. Kazi yake ya wakati huo haikuwa ya kusifiwa katika nyimbo. Ilikuwa kulirudisha chini jeshi lililovimba, kuwarudisha mgambo mashambani, na kukaa na vifaa vilivyochakaa wakati ambapo serikali haikuwa na fedha. Alistaafu mwaka 1988, na Jenerali Ernest Mwita Kiaro akashika mahali pake.

Akarudi Butiama. Aliishi huko miaka zaidi ya thelathini na mitano baada ya kustaafu, muda mrefu kuliko wengi wanavyopewa kufanya kazi. Alifariki tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, akazikwa kwao.

MANENO YETU SISI

Sasa nilijibu swali la yule kijana. Mzee aliyestaafu, awe Jenerali wa Butiama au dereva wa kifaru wa Muheza, anacho kitu cha kutuambia. Anajua namna watu mia wasiofahamiana wanavyofanywa kuwa kitu kimoja. Anajua kwamba hofu si aibu, aibu ni kukataa kurudi. Anajua kwamba mashine kubwa hukwama mahali ambapo mtu mwenye jembe angepita. Haya ni mambo ya kutufaa katika chama hiki, ambacho mara nyingi hutawanyika kila msimu bei inapovuma juu ya vichwa vyetu.

Lakini wazee hawangoji. Wale wa Keya karibu wote wamekwisha tangulia, na Madagaska yao wameondoka nayo. Mgambo wa mwaka 1978, waliokuwa vijana wa miaka ishirini, leo wamepita sitini na mitano. Wengi hawakupewa cheo wala nishani. Wengine hata karatasi ya kuachishwa jeshi imeliwa na mchwa. Wajane wao wakiulizwa mume alikuwa kikosi gani hawajui la kujibu.

Kwa hiyo naomba kila tawi lifanye kazi hii kabla ya msimu ujao. Mchagueni mtu mmoja ajuaye kuandika vizuri. Aende kwa kila mzee aliyepata kuwa askari au mgambo, amuulize jina kamili, kikosi, mwaka alioingia na kutoka, alikopelekwa na mambo aliyoyaona. Aandike kwa maneno ya mzee mwenyewe, asiyapambe. Kama zipo karatasi au picha, zitazamwe na kuwekwa mahali pakavu. Nakala moja ibaki kwa jamaa yake, na moja iletwe ofisini. Mzee asiyetaka kusema asisumbuliwe, maana yapo mambo ya vita ambayo mtu huyazungumza na Mola wake tu.

Nasi tupandao mti ambao huchukua miaka sita au minane kabla ya kuzaa, twajua vizuri kwamba kitu cha maana hakivunwi siku ya kupandwa. Tusikubali kuacha mavuno ya watu hawa yaozee juu ya mti.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama